Lami Imefika Matema, Majini Bado

Tangu barabara ya Kikusya–Ipinda–Matema, kama kilomita 39 hivi, iwekwe lami, Matema, ufuoni mwa Ziwa Nyasa, si mahali pa kufika kwa kudra tena. Mtu wa Mbeya anaondoka asubuhi, anapita Tukuyu, anateremkia Kyela kwenye mpunga na kakao, na kabla ya chakula cha mchana ameshavua viatu mchangani. Upande wa Ruvuma mambo ni yaleyale: kilomita 66 za lami kutoka Mbinga zimeifungua Mbamba Bay, ambako zamani ulipaswa kuwa na sababu nzito ya kwenda. Kila miji hii inapotajwa kwenye mikutano ya utalii, mazungumzo yanaishia kwenye vitanda: hoteli ziko ngapi, mwekezaji ni nani, vyumba vina kiyoyozi au havina.

Naona hesabu hiyo inaanzia mahali pasipofaa. Mgeni hasafiri mwendo wa saa nne ili akalale. Anafuata ziwa, na ziwani ndiko hakuna utaratibu: nani anampeleka, saa ngapi, kwa chombo gani, amevaa nini, na akirudi nyumbani anapaswa kupima nini. Mambo haya yote kwa pamoja ni nafuu kuliko jengo moja la vyumba kumi. Yasipofanyika, lami itakuwa imeleta watu wengi zaidi kwenye maji wasiyoyajua.

Tuanze na upepo, maana ndio unaoamua ratiba. Ziwa Nyasa lina urefu wa kilomita zipatazo 560 kutoka kaskazini hadi kusini, na Matema imekaa kwenye ncha kabisa ya kaskazini, chini ya Milima ya Livingstone. Kuanzia Mei hadi Agosti upepo wa kusini-mashariki, ambao wavuvi wa upande wa Malawi huuita mwera, unavuma ukipanda ziwa. Wimbi hukua kadiri upepo unavyopata maji marefu ya kusafiria, na kwa upepo huo hakuna mwisho wa safari ulio mbali kuliko Matema. Ndiyo maana siku ambayo majani ya migomba hayatikisiki sana nchi kavu bado unaweza kukuta mawimbi mazito yakipiga ufuoni: yametengenezwa mbali kusini, na upepo ulioyatengeneza haujafika au umeshatulia.

Juu ya huo kuna upepo wa kila siku. Usiku milima inapoa haraka kuliko maji, hewa inateremka mabondeni na kuelekea ziwani. Alfajiri ufuo unakuwa shwari kabisa, na hapo ndipo wageni wanapodanganyika. Upepo unaotoka nchi kavu hauwezi kujenga wimbi karibu na ufuo kwa sababu haujapata maji ya kukimbilia, lakini unaweza kumsukuma mtu aliyelala juu ya boya la kuchezea au aliye kwenye kayaki bila kasia la maana. Anageuka kutazama nyuma, mchanga umeshakuwa mstari mwembamba, na kila mita anayopiga kurudi anapigana na upepo uleule. Jua likishapanda, upepo huu hufifia, pakawa na kipindi cha utulivu, kisha kuelekea mchana upepo wa ziwani unaanza na mawimbi yanageuka kuja nchi kavu.

Kwa hiyo muda mzuri wa kuwa majini ni mfupi. Kwa safari ya kawaida ya mtumbwi kutoka Matema kufuata ufuo wa mashariki kwenda Lyulilo na Ikombe, ningependekeza kuondoka saa moja na nusu asubuhi na kuwa umerudi, miguu mchangani, kabla ya saa tano. Anayesema “tutakwenda tukishapata chai vizuri” ameshaamua kurudi na mawimbi ubavuni. Miezi ya Septemba hadi Novemba inasamehe zaidi, kwa sababu upepo wa kusini umepungua na mvua hazijakaza. Maji pia yanaelekea kuwa maangavu. Machi hadi Mei sishauri. Kyela ni miongoni mwa wilaya zenye mvua nyingi nchini, mito inaleta tope, radi hazina saa, na midomo ya mito kama Lufilyo ni ya kukaa nayo mbali wakati wowote, kwa sababu ya mamba.

Sasa chombo chenyewe. Mitumbwi mingi ya ziwa hili huchongwa kwa gogo moja na kuachiwa mdomo mwembamba. Ni ufundi wenye akili: mdomo mwembamba hauruhusu wimbi kumwagika ndani. Gharama yake ni kwamba abiria hana pa kushusha makalio, anakaa juu ukingoni, na uzito ulio juu ndio unaopindua mtumbwi. Mvuvi haoni tatizo kwa sababu kiuno chake kimejifunza kucheza na chombo tangu utotoni. Mgeni anakaza mwili kama ubao, na mtumbwi unamshinda. Anayetaka kuchukua wageni achague mtumbwi wenye mdomo mpana wa kutosha mtu kukaa chini, magoti yamekunjwa, mgongo umeegemea kitu. Kipimo cha mzigo ni rahisi: wote wakishapanda na kutulia, ukingo ulio chini kabisa ubaki juu ya maji kwa shubiri moja, sentimita 20 hivi. Ukibaki vidole vinne, mtu mmoja ashuke, hata kama ameshalipa.

Ndani ya mtumbwi kuwe na kasia la akiba, kopo la kutolea maji lililofungwa kwa kamba (kopo lisilofungwa ndilo la kwanza kuelea likaenda zake), na kamba ya mita kumi na kuendelea. Abiria waambiwe mambo mawili kabla ya kuondoka, nchi kavu, si katikati ya safari. Kwanza, hakuna kusimama wala kubadilishana nafasi ili kupiga picha. Pili, mtumbwi ukipinduka, shika mtumbwi. Gogo linaelea hata likijaa maji. Anayeliacha ili aogelee kwenda ufuoni unaoonekana karibu ndiye hupotea. Umbali juu ya maji unadanganya, hasa chini ya milima mirefu kama ile, ambako kila kitu kinaonekana kimesogea.

Jaketi okozi ndiyo sehemu inayonikera zaidi, kwa sababu hapa hoja ya umaskini haina nguvu. Mitumbwi kumi, abiria watatu kila mmoja na mpiga kasia wake, ni jaketi 40. Kikundi kinaweza kuzinunua kidogo kidogo na kuzikodisha. Tatizo kubwa ni kununua zisizofaa na kuzitunza vibaya. Jaketi za viwango vya kimataifa huandikwa nguvu ya kuelea kwa nyutoni. Zenye 50 ni za mtu anayejua kuogelea na aliye karibu na msaada. Kwa mgeni asiyejua kuogelea, ambaye ndiye mgeni wa kawaida kutoka mjini, tafuta zenye 100. Kuzikagua hakuhitaji mtaalamu. Bonyeza sponji kwa dole gumba: ikibaki imebonyea, imechoka. Mvalishe mtu, funga vifungo vyote, kisha mshike mabegani uvute juu. Jaketi ikipanda hadi masikioni, majini itamtoka. Ya mtoto iwe na mkanda unaopita katikati ya miguu, la sivyo atateleza chini yake. Na jaketi zisikaliwe. Boti nyingi hutumia jaketi kama mito ya kukalia, na baada ya msimu mmoja sponji imekuwa nyembamba kama chapati. Kwa macho bado ni jaketi, rangi ya chungwa na kila kitu, lakini nguvu ya kuelea haipo.

Hoteli zinazonunua kayaki zinunue zile za kukalia juu, zenye matundu ya kutolea maji. Mtu akianguka anaweza kupanda tena bila kuzitoa maji. Zile za kuingiza miguu ndani zinahitaji mafunzo ambayo mgeni wa siku mbili hana. Na zihifadhiwe kivulini. Jua la Kyela linaifanya plastiki iwe ngumu na kupasuka karibu na vishikio, maji yanaingia ndani taratibu, na dalili ya kwanza ni kayaki kuegemea upande mmoja mtu akiwa mbali.

Kuna jambo lingine ambalo sijaona likisemwa kwenye mipango ya utalii: usingizi wa mpiga kasia. Usipa, samaki wadogo kama dagaa, huvuliwa usiku kwa taa, na taa hufanya kazi gizani. Kijana anayekupeleka Ikombe saa moja na nusu asubuhi huenda ametoka ziwani alfajiri ileile, amekula ugali na kugeuza mtumbwi. Ratiba niliyopendekeza hapo juu, inayofaa kwa upepo, kwake ni mbaya kabisa. Dawa ipo kwenye mwezi. Siku za mbalamwezi uvuvi wa taa unalegea, kwa sababu samaki hawavutwi na taa mbingu nzima ikiwa na mwanga. Wavuvi wanapumzika, wanashona nyavu, na mfuko unapungua. Hizo ndizo siku za kuwapangia wageni. Hoteli ikitoa ofa ya safari za ziwani kwa siku tatu kabla na tatu baada ya mwezi mpevu, inampata mpiga kasia aliyelala, kwa wakati anaohitaji fedha. Katika giza la mwezi, wageni wapewe milima, maporomoko na soko. Kalenda ya namna hiyo haina gharama hata shilingi.

Soko lenyewe ni la Jumamosi, pale Lyulilo, na ni sababu tosha ya kupanga safari ya mwisho wa wiki. Vyungu vya Wakisi hufinyangwa na akina mama kwa mikono bila gurudumu, na vingi huletwa kwa mtumbwi kutoka Ikombe. Mnunuzi agonge kwa kifundo cha kidole akiwa amekiinua chungu kwa mkono mmoja: mlio wa wazi unaodumu ni salama, mlio mfu ni ufa, hata kama hauonekani. Vimechomwa kwa moto wa wazi, si tanuri, kwa hiyo havihimili kugongana; majani makavu ya migomba kati ya chungu na chungu yanafaa kuliko magazeti. Nimalizie hapo kuhusu vyungu, maana Mbeya nzima inavijua na wala havihitaji tangazo.

Chini ya maji ndiko kuna utajiri ambao nchi kavu haifikii. Ziwa Nyasa lina aina nyingi za samaki kuliko ziwa lolote duniani, na sehemu kubwa yao ni jamii ya sato na ndugu zake. Wale wadogo wa rangi kali, bluu, manjano, mistari, wanaouzwa ng'ambo kama samaki wa mapambo, huitwa mbuna, na wanaishi kwenye mawe. Hawapendi kuvuka mchanga, kwa hiyo kila rundo la mawe ni kama kijiji chake. Hii ndiyo sababu ufuo mzuri wa mchanga mbele ya hoteli hauna cha kuona, na mgeni anayevaa miwani ya kuzamia pale hurudi akisema ziwa halina samaki. Aende kwenye mawe: ufuo wa mashariki kuelekea Ikombe, au upande wa Mbamba Bay, ambako ghuba limekingwa na vilima vya mawe. Mita mbili hadi tano za kina zinatosha, vifaa vya hewa havihitajiki. Mwanga ni mzuri zaidi kuanzia saa nne, upepo unaharibu baada ya saa tano, basi panga uwe umefika kwenye mawe saa tatu na nusu. Miwani ijaribiwe bila mkanda: iweke usoni, vuta hewa kwa pua, iachie. Ikishika, inafaa. Ndevu na nywele chini ya mpira ndizo huingiza maji, si ubovu wa miwani.

Hapo ndipo tunafika kwenye kichocho, na hapa wenyeji wa utalii wanajidanganya. “Huku kwetu hakuna kichocho” ni maneno yanayosemwa karibu kila ufuo wa ziwa hili, na si maneno ya kuaminiwa bila kipimo. Kichocho cha mkojo kipo Ziwa Nyasa. Watu wengi wameambiwa konokono wake hukaa kwenye matete na maji yaliyotuama, jambo ambalo ni kweli kwa aina moja. Lakini ziwa hili lina konokono mwingine, Bulinus nyassanus, anayeishi kwenye mchanga wa ufuo wazi, penye maji safi yanayotembea. Uangavu wa maji si cheti.

Upande wa Malawi watafiti wamehusisha kuongezeka kwa kichocho tangu miaka ya 1980 na kupungua kwa samaki wanaokula konokono, wale wanaokaa maji mafupi ya mchangani. Anayewamaliza samaki hao ni kokoro, wavu unaokokotwa hadi ufuoni na kuzoa kila kitu. Kwa hiyo kokoro, ambalo sheria imeshalipiga marufuku, ni adui wa hoteli kama lilivyo adui wa mvuvi mwenye nyavu halali. Sijui ni wenye hoteli wangapi wanaolitazama hivyo. Wengi huliona likivutwa na kuwaita wageni waje wapige picha.

Kitu cha pili ni choo. Mayai ya kichocho hiki yanaingia majini kwa mkojo. Mwalo, yaani mahali mitumbwi inapotua, wenye wavuvi, wachuuzi na watoto, bila choo, unalisha konokono kila siku. Choo cha mashimo manne kwenye mwalo, kilichojengwa juu ya usawa wa maji ya masika, ni uwekezaji wa utalii kuliko banda jipya la baa, ingawa hakuna mtu atakayekuja kukikatia utepe.

Kwa mgeni, maelezo yawe mafupi na ya kweli, yabandikwe mapokezi. Vimelea hutoka kwa konokono mwanga ukiwapo, kwa wingi zaidi kuelekea adhuhuri, kwa hiyo kuoga asubuhi mapema kunapunguza hatari, hakuiondoi. Kuruka majini kutoka kwenye chombo, mbali na ufuo, ni bora kuliko kucheza maji ya magotini karibu na mwalo. Kujifuta kwa taulo hakutoshi, maana kimelea kinapenya ngozi kwa dakika chache. Kupima kusifanywe siku ya kurudi. Subiri wiki sita hadi nane, na kwa kipimo cha damu ni bora miezi mitatu. Dawa ya praziquantel nayo isiharakishwe, kwa sababu inaua minyoo iliyokomaa na haiwezi vizuri ile michanga. Anayemeza mapema anaweza kubaki na ugonjwa huku akiamini amepona. Kipimo cha kawaida ni miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito, yaani mtu wa kilo 60 humeza vidonge vinne vya miligramu 600, kwa maelekezo ya daktari. Homa isiyoeleweka ndani ya wiki chache baada ya kuogelea itajwe hospitali pamoja na jina la ziwa, la sivyo itatibiwa malaria tu.

Nani asimamie yote haya? Wizara iko mbali. Kikundi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi, BMU, kipo mwaloni tayari, kinawajua wenye mitumbwi kwa majina na kina desturi ya kutunza daftari. Kipewe daftari la pili: mtumbwi namba fulani umetoka saa fulani na watu watatu, umerudi saa fulani. Usiporudi saa tano na nusu, boti ya injini inaondoka. Asubuhi mtu mmoja asome utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa, atazame ziwa kwa macho yake, apandishe bendera nyekundu au asipandishe. Wapiga kasia watagomba siku ya kwanza ya bendera nyekundu, kwa kuwa fedha zimekaa ufuoni zinasubiri. Ndiyo maana bei ipangwe na kikundi kizima na sehemu iwekwe kwenye mfuko, ili anayekatazwa leo asione kwamba mwenzake wa jana amemla.

Miji ya kusini ina nafasi ya kuanza vizuri kuliko Matema. Liuli, kwa mfano, ndipo Waingereza kwa meli ya Gwendolen walipoishambulia meli ya Wajerumani, Hermann von Wissmann, tarehe 13 Agosti 1914, ikiwa imepandishwa nchi kavu kutengenezwa na nahodha wake hajapata hata habari kwamba vita imeanza. Mji wenye kisa kama hicho, mawe, ghuba na Kisiwa cha Lundo jirani hauhitaji kuiga hoteli za Zanzibar.

Unachohitaji ni kugawa ufuo kabla viwanja havijagawanywa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Kwa vitendo, mita hizo ndizo zinazowekwa ukuta kwanza, kisha mvuvi anaambiwa vichanja vya kuanikia usipa vinanuka. Halmashauri ipande mawe ya mipaka sasa: huu ni mwalo na vichanja vyake, hapa vyombo vinapita, hapa watu wanaogelea. Eneo la kuogelea liwekewe alama kwa madumu ya manjano ya lita tano, yaliyofungwa vizuri vifuniko na kutiwa nanga ya jiwe la kilo 20 au zaidi kila moja, umbali wa mita kumi kati ya dumu na dumu. Kosa linalofanyika ni kukata kamba kwa kina cha Novemba, maji yakiwa chini. Ziwa hili hupanda hadi mwisho wa masika, kama mita moja kwa mwaka wa kawaida na zaidi ya hapo mwaka wa mvua kubwa. Kamba ipewe ziada ya mita moja na nusu na ikaguliwe Januari na Mei, la sivyo madumu yatazamishwa na kamba yenyewe na nahodha wa boti ya injini hatakuwa na chochote cha kumwambia kwamba mbele yake kuna watoto.